Jina la Siku Tano

Jilala Mayala alikuwa na mkono wa kupima kabla hajawa na kitu kingine chochote cha kujivunia. Miaka kumi na minne alikaa mwaloni, pale wachimbaji wadogo wa Geita wanapooshea mchanga wao, akiwa ameinama juu ya karai. Unamletea jiwe, analitwanga, analimwagia maji, anatikisa polepole mpaka mchanga uende zake, na kinachobaki ukingoni mwa karai ndicho jibu; kupima huko wanakuita sampo. Ukionekana mstari wa njano, duara, yaani shimo la dhahabu, lichimbwe. Usipoonekana, mwenye jiwe abebe sururu yake akajaribu kwingine. Watu walimwamini kuliko walivyomwamini mganga, na hilo si jambo dogo kule, maana mganga naye hakosi foleni.

Kisha mgongo ukamgomea. Daktari alimwambia akiendelea kuinama hivyo, siku moja atainama na asiinuke. Akaachana na karai, akapanga chumba Kalangalala, Geita mjini, uani kwa mama mmoja mjane aitwaye Asteria, akakaa humo peke yake na kitanda, meza, jiko la gesi na kompyuta iliyotumika. Mke hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Kwa hiyo hapakuwa na jina la mtoto la kumwitia, na watu wa pale wakaishia kumwita Mzee wa Kompyuta, ingawa hamsini alikuwa bado hajaifikisha.

Kompyuta aliuziwa na Vipul, kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa Kihindi pale Shinyanga mjini. Duka lao babu yake alilifungua kwa kuuza vitambaa enzi za pamba, baba akaligeuza la madaftari, na Vipul amelijaza kompyuta na printa. Jilala alimuuliza kama kuna kazi ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa amenyoosha mgongo. Vipul akacheka, akamwambia ipo, ya majina.

Jina la mtandaoni ni ile anwani unayoiandika kwenye simu ili ukurasa wa mtu ufunguke. Halinunuliwi likawa lako milele. Unalilipia mwaka, ukiisha unalipia tena, na usipolipa linamwendea mwingine. Vipul alikuwa wakala wa kampuni moja ya ng'ambo yenye kundi la majina ya bei nafuu, na kampuni hiyo ilikuwa na utaratibu wa huruma: ukichukua jina ukagundua umekosea, una siku tano za kulirudisha na pesa yako inarudi yote. Huruma ikiachwa mlango wazi, walanguzi hawabishi hodi. Watu wakawa wanachukua majina mia mbili kwa mkupuo, wanayabandika matangazo, wanakaa siku nne wakihesabu wageni wanaofungua kila moja. Siku ya tano wanabaki na mawili matatu yanayovuta watu, ili wayauze, na mengine yote wanayarudisha bila kupungukiwa hata senti.

"Hiyo si ni sampo?" Jilala aliuliza.

"Ndiyo hiyo hiyo, mzee. Ila hapa hakuna tope."

Akaingia kazini, na kwa kweli aliiweza. Alijua kunusa jina kama alivyojua kunusa jiwe. Aliyajaribu ya harusi, ya viwanja, ya mbegu, ya shule na ya makanisa. Sitamtakasa. Shinyanga kulikuwa na mama mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti aliyehangaika miezi minne kupata jina la mafuta yake mwenyewe, kila akienda analikuta limeshikwa, juma hili na mlanguzi huyu, juma lijalo na yule. Mara mbili kati ya hizo mlanguzi alikuwa Jilala. Hakumjua yule mama, na mtu usiyemjua ni rahisi kumkalia mlangoni.

Lakini katika majina yake yote, lilikuwepo moja ambalo hakulichukua kwa ajili ya kuuza, na hilo ndilo la kusimulia.

Jilala alikuwa na mdogo wake, Boaz, aliyepishana naye miaka tisa. Walizaliwa kijijini, upande wa Shinyanga, mama yao akiwa na ng'ombe mmoja wa maziwa aitwaye Mbula, yaani mvua kwa Kisukuma, kwa sababu alizaliwa siku mvua ilipovunja kiangazi kibaya. Boaz alikua kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Walipokwenda machimboni wakapata duara lao la kwanza, wenzao waliliita namba kumi na saba. Wao wawili, wakiwa peke yao, waliliita Duara la Mbula. Halikuwapa utajiri, ila lilimjengea mama yao nyumba ya bati kabla hajafa. Boaz alipenda kusema kwamba siku moja watafungua duka la zana za uchimbaji Shinyanga mjini, na jina litakuwa hilo hilo, ubaoni na mtandaoni. "Mtu akiandika tu kwenye simu, anatuona, kaka." Alikuwa kijana wa kuota mchana, na kaka yake alimpenda kwa hilo.

Ukaja mwaka ambao Boaz alifungua duara lake mwenyewe pembeni ya mlima, kwenye udongo mwekundu usioshika. Mwezi huo huo duara la jirani lilikuwa limefukia watu wawili, na Jilala ni mmoja wa waliowachimbua. Boaz akaleta jiwe lake mwaloni. Jilala akalitwanga, akaliosha, akatikisa. Ukingoni ulibaki mstari wa njano mzito kuliko yote aliyoiona mwaka ule. Akaupitishia kidole gumba, ukachanganyika na maji.

"Hakuna kitu," alisema.

Boaz alimwamini, nani asingemwamini? Aliliacha duara, wengine wakalidandia, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa wamenunua pikipiki nne. Duara lile halikumfukia mtu yeyote.

Boaz alirudi mwaloni siku moja asubuhi. Alisalimia kila mtu, akamfikia kaka yake mwisho, akampa shikamoo yake kama kawaida, akauliza neno moja tu. "Uliona?"

"Sikuona," Jilala alijibu.

Uongo wa kwanza aliusema kwa kuogopa kaburi. Wa pili aliusema kwa aibu, na huo ndio uliomla. Boaz alitikisa kichwa, akaondoka. Namba yake ya simu ikafa juma lile lile. Mtu mmoja alisema alimwona Isaka, kwenye bandari kavu, akipanda lori la mizigo liendalo magharibi. Baada ya hapo hakuna aliyesema lolote, na miaka ikapita.

Sasa, siku moja katika kuchukua majina yake mia mbili, Jilala alichomeka na duaralambula. Alijiambia ni mchezo tu. Siku ya tatu akaangalia hesabu ya wageni: mmoja. Siku ya nne: mmoja. Saa ilikuwa ile ile, saa nne kasoro dakika tatu asubuhi. Alisimama kutoka kwenye kiti bila kujali mgongo. Ni nani mwingine duniani angeandika maneno hayo? Mama amekufa, ng'ombe amekufa. Wamebaki wawili wanaolijua jina lile, na mmoja wao ndiye huyo aliyesimama chumbani Kalangalala.

Siku ya tano alilirudisha jina kama ilivyo kawaida, akasubiri dakika chache, akalichukua tena. Akafanya hivyo siku tano zilizofuata, na zilizofuata, miaka miwili. Kila asubuhi mgeni alikuja. Jilala akajenga mazoea yake: chai aliichemsha mapema, lakini hakuimimina mpaka mgeni aonekane, maana alilelewa hivyo, mwenyeji hatangulii kula mgeni akiwa njiani. Ikifika saa nne kasoro tatu, namba inabadilika, anamimina kikombe chake na kusema kwa sauti, "Mhola, Boaz." Asteria alimsikia mara nyingi akisalimia chumba kitupu. Alimwonea huruma, akaendelea na kazi zake.

Utauliza kwa nini hakuandika kitu pale mgeni akakisoma. Kanuni zilikuwa hivi: jina la majaribio hubeba matangazo tu, na ukitaka kuweka maneno yako lazima ulilipie mwaka mzima. Na mwaka mzima haukuwa fedha ya kumshinda. Kilichomshinda ni maneno. Aandike salamu? Aandike uongo wa tatu? Siku tano zilimfaa sana, kwa sababu ndani ya siku tano mtu halazimiki kusema chochote. Mpimaji hulishika jiwe, hulirudisha, haliwekei alama.

Ndipo ikaja barua. Vipul aliipokea kwanza, akampigia.

"Mzee, shikamoo. Wale jamaa wa ng'ambo wamebadilisha taratibu."

"Marahaba. Zipi?"

"Za siku tano. Wamechoka na walanguzi. Kuanzia tarehe moja, wakala akirudisha majina zaidi ya moja katika kumi, yanayozidi yote analipia. Na ukishalirudisha jina, hulichukui tena mpaka zipite siku tisini."

"Kwa hiyo kazi imekwisha."

"Hii yetu imekwisha. Ila kusema kweli, mzee, ni haki. Watu wenye shughuli zao walikuwa hawapati majina. Yule mama wa alizeti amelipata la kwake juzi, amelia hapa hapa dukani."

"Hakuna njia nyingine?"

"Jina unalolitaka, lilipie. Usilolitaka, liache. Basi."

Majina mengine yote aliyaacha bila kujuta. Lile moja lilimnyima raha siku nne. Akiliacha, siku tisini mlango utakuwa umefungwa na mgeni wake atadhani amefukuzwa. Akililipia, hana tena kisingizio cha kunyamaza. Siku ya nne alimkuta Asteria uani akichambua mchele, akaketi, na kwa mara ya kwanza akamweleza mtu mambo yote, kuanzia mstari wa njano hadi chai ya saa nne. Asteria alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa imetulia juu ya ungo.

"Mgeni anapiga hodi miaka miwili na wewe umekaa ndani unamchungulia," alisema. "Baba, una moyo gani wewe?"

Alasiri ile ile alilipa. Ukurasa ulipokuwa wake, aliandika, akafuta, akaandika tena mpaka jioni. Mwisho yalibaki haya:

Boaz, jiwe lako lilikuwa na mali. Niliona. Nilifuta kwa kidole kwa sababu niliogopa kukuzika. Uliponiuliza nilikudanganya tena, na hapo sikuwa na sababu. Nipo Kalangalala, uani kwa mama Asteria. Namba yangu ni ile ile. Kaka yako.

Kesho yake alichemsha chai, akakaa mbele ya kompyuta kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Saa nne kasoro tatu ikafika. Ikapita. Saa tano chai ilikuwa imepoa. Namba ilisema sifuri.

Siku ya pili sifuri, na ya tatu. Juma la kwanza alijiambia mtandao unasumbua. Juma la pili aliamini kwamba Boaz amesoma, amejua, na ameamua kutokuja tena. Aliumia asivyowahi kuumia hata siku ya mwaloni, kwani siku ile alikuwa na uongo wa kujifunika nao. Aliacha kumimina chai. Asteria akawa anamgongea mlango mchana ili ajue kama yu hai, naye anaitikia, "Nipo," basi, hasemi zaidi.

Juma la nne alipanda basi kwenda Shinyanga. Hakutaka kuuliza kwa simu. Vipul alikuwa akifunga printa kwenye boksi, akaacha, akamvutia kiti cha mgongo mrefu, maana alijua habari za mgongo wake. Jilala alimweleza kuhusu mgeni, na Vipul akafungua upande wa wakala, ambako hesabu ina maelezo zaidi: mgeni ametokea wapi, kwa chombo gani, amekaa muda gani. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mzee," alisema hatimaye, "huyu wa saa nne si mtu."

"Ni nani?"

"Ni mashine. Kuna walanguzi wakubwa huko nje, wana mashine zinazopitia majina mapya ya majaribio hapa na pale, kutafuta yanayoangushwa na kuokotwa, kuangushwa na kuokotwa. Wakiona mtu analing'ang'ania jina namna hiyo, wanadhani lina faida. Basi mashine inakuja kila siku saa ile ile kuona kama limeanguka walidake. Ulipolilipia mwaka, ikaona haina cha kungojea. Ikaenda zake."

Nje bajaji zilikuwa zikipigiana honi. Jilala alisikiliza honi hizo kwa makini, kana kwamba ndizo alizozifuata.

"Miaka miwili," alisema. "Nimekunywa chai na mashine miaka miwili."

Vipul hakucheka. Aliendelea kushuka kwenye orodha, mstari kwa mstari, saa nne kasoro tatu, saa nne kasoro tatu, mpaka kidole chake kikasimama.

"Ila huyu hapa siye."

Ulikuwa mstari mmoja, wa mwaka uliotangulia, siku ya Jumapili. Saa nane mchana. Simu ya mkononi, siyo mashine. Eneo, Isaka. Alikuwa amekaa dakika nne.

Jilala aliikumbuka Jumapili hiyo. Jioni aliporudi kanisani alikuta namba inasema wawili badala ya mmoja, akafurahi kupita kiasi, akadhani Boaz amekuja asubuhi na amerudi tena mchana. Siku hiyo alijipikia hata nyama.

"Pale kwenye ukurasa palikuwa na nini siku hiyo?" aliuliza, ingawa alijua.

Vipul alibonyeza, akautazama, akasita kuugeuza upande wake. "Matangazo, mzee. Viatu vya kike. Na bahati nasibu."

Dakika nne ni nyingi kwa kutazama viatu vya kike. Mtu hakai dakika nne kwenye ukurasa kama ule isipokuwa anashuka mpaka chini, anapanda tena juu, anatafuta neno moja la mtu anayemjua. Jilala hakusema hivyo, lakini Vipul aliona analihesabu jambo hilo kichwani, na akaenda kumletea maji ya kunywa.

Hakurudi Geita siku hiyo. Alikwenda Isaka. Siku mbili alizunguka katikati ya malori na makontena, akiuliza madereva, matingo na mama lishe, na picha yake ya Boaz ilikuwa ya zamani, kijana kando ya ng'ombe. Isaka ni mahali pa kupita, hakuna anayekaa akaulizwa. Mama lishe mmoja alisema sura kama ile aliwahi kuilisha, ila hakumbuki ni mwaka gani, na huenda alikuwa mwingine. Jilala alimwachia namba yake kwenye kipande cha boksi, akashukuru, "Wabeja," akapanda basi.

Mwaka uliofuata aliuishi kwa kuchapa barua za watu na kuwajazia fomu za vitalu vya uchimbaji. Mapato yalikuwa ya kula tu. Vipul alikuwa amempa onyo moja: asiufungue ule ukurasa yeye mwenyewe, kwa sababu kila akiufungua atahesabiwa, na hatajua tena yupi mgeni na yupi mwenyeji. Alilitii. Maneno yake mwenyewe akawa hayaoni, anayakumbuka tu. Aliangalia namba, mara moja kwa siku, kisha mara moja kwa juma, kisha akaona afadhali asiangalie kabisa. Alirudia kumimina chai yake saa nne, pasipo kumsalimia mtu. Upweke ulikuwa umeingia ndani na kufunga mlango, na alikuwa ameuzoea kama alivyozoea mgongo.

Mwaka ulipokaribia kwisha Vipul alipiga simu.

"Mzee, lile jina lako muda wake unaisha Ijumaa. Kabla hujatuma pesa, fungua kwanza hesabu uone umepata wageni wangapi mwaka mzima. Kama ni sifuri, mimi nakushauri uliache."

Ulikuwa ushauri mzuri. Ndio huo huo ambao Jilala mwenyewe aliwapa watu miaka kumi na minne mwaloni: usichimbe kabla hujapima, na karai likisema hakuna, ondoka.

"Sijaangalia," alisema.

"Basi angalia, nakusubiri."

Jilala aliishika simu kwa mkono mmoja. Kwa mwingine alituma fedha ya mwaka wa pili kwenye kompyuta, akasubiri mpaka ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia kwa Vipul upande wa pili.

"Mzee, mbona umelipa kabla ya kuangalia?"

"Nimelipa," alisema Jilala, akaifunga kompyuta, akaenda kuchemsha chai.